Mtoto Kalala, Ianze Kazi Ipi?

Barua za safari hii zinafanana kuliko waandishi wake wanavyodhani. Mmoja anashona, mwingine anachemka na sabuni, mwingine yuko mbele ya kompyuta, na wote wanauliza saa zao zinakwenda wapi. Barua tumezifupisha. Majibu tumeyaacha marefu pale tu yanapostahili urefu.

SWALI: Nashona nguo za kike nyumbani. Nina mtoto wa miezi 9 na mwingine wa miaka 3. Kutwa nzima nipo nyumbani lakini oda hazitoki kwa wakati. Naishia kushona hadi saa nane usiku, asubuhi naamka nakuta mkono wa gauni nimeuunga nje ndani. Wateja wameanza kununa. Nipange vipi siku yangu?
Mshonaji, mama wa wawili

JIBU: Pole, dada. Usianze na ratiba. Ratiba ya saa tatu kamili mpaka saa tano kamili huvunjwa na nepi moja. Anza kwa kuzigawa kazi zako mafungu mawili: zinazokatika na zisizokatika.

Kazi inayokatika ni ile unayoweza kuiacha katikati, ukambeba mtoto, ukarudi baada ya nusu saa ukaikuta kama ulivyoiacha. Kutia vifungo, kupiga pindo kwa mkono, kufumua, kujaza bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini wa cherehani), kujibu ujumbe wa wateja, kukunja na kufungasha. Isiyokatika ni ile ambayo ukiiacha njiani unaharibu mali ya mtu au unaanza upya: kuchora na kukata kitambaa, kuunga mikono, kutia zipu, kumpima mteja.

Sasa jiangalie siku moja tu. Mtoto akilala, wengi hushika simu ili "kuwajibu wateja mara moja", kisha wanafagia, kisha wanaosha vyombo. Mtoto akifumbua macho ndipo kitambaa kinatandazwa. Kilio kinaanza mkasi ukiwa katikati ya nguo, mkono unayumba, na hilo gauni la mteja limekwisha. Geuza mpangilio: mtoto kalala, kazi isiyokatika inaanza dakika hiyo hiyo. Ili iwezekane, kitambaa kiwe kimeshatandazwa, na chaki, tepu na daftari la vipimo viwe juu yake kabla mtoto hajalala. Vyombo utaosha akiwa macho, yeye akigonga sufuria pembeni yako.

Hatua ya pili ni hesabu, na hapa usikisie. Kwa siku 7 andika kila kipande cha muda ambao watoto WOTE wawili wametulia: wamelala, au wako na mtu mzima mwingine. Mtoto wa miezi 4 hadi 12 hulala jumla ya saa 12 hadi 16 katika saa 24, na wa miezi 9 mara nyingi bado ana vipindi viwili vya usingizi mchana. Lakini wa miaka 3 huenda ameshaacha kulala mchana. Usingizi wa mdogo si muda wako ikiwa mkubwa yuko macho. Hapo ndipo hesabu za wengi zinapokwama.

Tuseme daftari limeonyesha muda wa saa 1 mchana na muda wa saa 2 usiku baada ya wote kulala. Hizo ni saa 3 kwa siku, saa 15 kwa siku 5. Ondoa theluthi kwa ajili ya homa, meno, wageni na umeme: zimebaki 10. Gauni moja linakula, tuseme, saa 5, na kati ya hizo saa 2 na nusu ni za kazi isiyokatika. Gawa 10 kwa 2 na nusu unapata 4. Basi uwezo wako ni magauni 4 kwa wiki. La tano ndilo linalokufikisha saa nane ya usiku. Mteja wa tano mpe tarehe ya wiki inayofuata, na kila tarehe unayotoa iongezee nusu: kazi ya siku 4 iahidi baada ya siku 6. Ukimaliza mapema, hakuna atakayelalamika.

Watoto wakilala saa mbili, cherehani izimwe saa nne. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi, na ule mkono ulioungwa nje ndani ni saa ya usiku uliyoikopa ukailipa asubuhi kwa kufumua.

Kwa huyu wa miaka 3: kabla hujakaa kwenye kazi, mpe dakika 15 ambazo ni zake peke yake, simu ikiwa mbali. Halafu toa kikapu ambacho yeye anakiona wakati wa kazi tu: mabaki makubwa ya kitambaa, karatasi ngumu, kalamu za rangi nene. Kazi ikiisha, kikapu kinarudi juu. Kikikaa chini siku nzima, baada ya siku tatu hakina thamani tena. Usitegemee zaidi ya robo saa ya utulivu kwa mara moja. Robo saa inatosha kwa vifungo, haitoshi kwa zipu.

Neno moja kuhusu cherehani yenyewe. Kama ni ya umeme, pedali iliyo sakafuni iko kwenye kimo cha mtoto anayetambaa. Akiikandamiza wakati wewe unatunga uzi, sindano inashuka kidoleni mwako. Zima swichi ya mashine kila unapotunga uzi, na unapoondoka chomoa waya, pedali ipande mezani. Kama ni ya miguu, hatari ni mkanda na gurudumu: ukiinuka, utoe mkanda kwenye gurudumu. Pini zihesabu. Toa 20, rudisha 20, na usifagie kabla hazijatimia.

SWALI: Natunza hesabu za wafanyabiashara wadogo kwa kompyuta, nyumbani. Mke wangu anatoka kazini jioni, hivyo mchana mimi ndiye niliye na binti yetu wa miaka 2. Nikiwa na kikao kwa njia ya mtandao nampa simu aangalie katuni. Sasa anaidai siku nzima. Nimeharibu?
Baba mwenye vitabu vya hesabu

JIBU: Hujaharibu, ila umeitawanya simu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya miaka 2 asikae mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na kuanzia miaka 2 isizidi saa moja kwa siku, pungufu yake ikiwa bora. Basi unayo akiba ya dakika 60 kwa kutwa. Ukiitoa dakika 5 hapa na 10 pale kila anapolia, anajifunza kwamba kilio ndicho kinacholeta simu, na wewe hupati kipande kimoja kinachofaa kwa kikao. Iweke yote mahali pamoja: kikao kimoja, wakati ule ule kila siku ukiweza, dakika 30 au 40, na simu inaonekana wakati huo tu. Siku isiyo na kikao, haitoki. Siku nne tano za mwanzo zitakuwa na kelele.

Vikao vingine visogeze kwenye usingizi wake wa mchana, lakini usivipange dakika ileile anayolala. Acha dakika 20 baada ya kusinzia, maana usingizi wa mwanzo huvunjika kwa mlango tu. Tumia visikilizi vyenye kipaza sauti karibu na mdomo badala ya kile cha kompyuta kinachookota sauti ya chumba kizima, na kizime kila usipozungumza. Mwambie mteja mwanzoni kabisa, kwa sentensi moja, kwamba uko na mtoto. Wanaokasirika ni wale wanaoshtukizwa.

Kulinganisha taarifa ya benki na stakabadhi ni kazi isiyokatika: ukiiacha kwenye mstari wa 40 utarudi mstari wa kwanza. Kama lazima uinuke, weka alama ya rangi kwenye mstari uliofika na ufunge kioo kwa nywila kabla hujanyanyuka kitini. Kiganja kimoja cha mtoto juu ya vitufe kinaweza kufuta safu nzima, na programu yako ikaihifadhi hivyo hivyo kwa uaminifu.

SWALI: Natengeneza sabuni za miche kwa kostiki soda, jikoni kwangu. Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu anapanda kila kitu. Nikichanganya anakuwa uani na dada yake wa miaka 8. Inatosha?
Mtengeneza sabuni

JIBU: Haitoshi. Mtoto wa miaka 8 ni mwenza wa kucheza, si mlinzi. Na ile kanuni tuliyompa mshonaji, kwamba mtoto akilala ndipo kazi ngumu ianze, kwako haifai: hujui ataamka lini, na soda ikishaingia majini huwezi kuiacha. Kuanzia unapofungua kopo la soda mpaka chombo cha mwisho kimeoshwa, mtoto awe na mtu mzima, nje ya nyumba au nyuma ya mlango uliofungwa. Tenga saa 2 kamili. Kama mtu mzima huyo anapatikana mara moja tu kwa wiki, basi unatengeneza mara moja kwa wiki, mchanganyiko mkubwa zaidi. Kukata, kufunga na kubandika lebo kutajaza siku nyingine.

Sababu ya ukali wetu ni hii. Punje za kostiki soda ni nyeupe, zinafanana na sukari au chumvi. Ikishayeyuka inafanana na maji. Mtoto wa umri huo kila kikombe kwake ni cha kunywa. Kwa hiyo soda ikae kwenye kopo lake la asili lenye maandishi, kifuniko cha kuzungusha, ndani ya kabati lenye kufuli juu ya kimo cha kichwa chako. Isiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji au kikombe, hata kwa dakika moja.

Kuchanganya: soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga. Ukimimina maji juu ya soda, yanaweza kuchemka ghafla na kuruka usoni. Hata kwa njia sahihi mchanganyiko hujipasha wenyewe, na unaweza kuvuka nyuzi 80 za Selsiasi bila moto wowote. Tumia chombo cha chuma kisichoshika kutu au plastiki nzito inayostahimili joto. Sufuria ya alumini huliwa na soda, na zikikutana hutoka pia gesi ya hidrojeni ambayo inashika moto. Miwani ya kukinga macho, glavu, mikono mirefu, dirisha wazi.

Hatari haiishi ukishamimina. Sabuni mbichi bado inachoma ngozi kwa siku moja au mbili za mwanzo, kwa hiyo vibao vyake vikae juu penye upepo mzuri, si sakafuni. Ikishakatwa, iache ikauke wiki 4 hadi 6 kabla ya kuuza. Na sakafu: punje moja iliyoruka ukiwa unapima itakutana na goti la mtoto kabla hujaiona. Pangusa ikiwa kavu, ndipo upige deki kwa maji mengi.

Soda ikimgusa mtoto, mvue nguo, pangusa punje kavu, kisha maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20. Usipake siki. Jichoni ni vivyo hivyo, kope zikiwa zimeshikwa wazi, halafu hospitali. Akimeza, usimtapishe, kwani inachoma mara ya pili ikirudi. Mfute na kumsuuza mdomo, nenda hospitali mara moja na kopo lenyewe mkononi.

Kitu kingine ambacho hukukitaja: mizani. Nyingi za dijitali hutumia betri bapa ya duara, ndogo kama kifungo. Ikikwama kooni mwa mtoto inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2 tu, wakati mwingine bila dalili ya maana mwanzoni. Kama mfuniko wa betri hauna skurubu, uzungushie gundi ya utepe mara mbili. Ukishuku tu kwamba amemeza, usisubiri uhakika.

SWALI: Mwanangu ana miezi 4, ananyonya tu. Mara mbili kwa wiki napeleka mizigo kwa wateja, nakuwa nje kwa muda wa saa 6 hivi. Maziwa niliyoacha juzi yalimwagwa kwa kuwa aliyebaki naye hakujua kama bado yanafaa. Yanakaa muda gani?
Mama msafirishaji

JIBU: Maziwa mabichi ya mama, yaliyokamuliwa kwa mikono iliyooshwa na kuwekwa kwenye chombo safi chenye kifuniko, hukaa saa 4 mahali penye joto lisilozidi nyuzi 25. Kwenye jokofu hukaa hadi siku 4. Kwenye friza ni bora yatumike ndani ya miezi 6. Kwenye kibebeo cha baridi chenye barafu ndani hudumu hadi saa 24, na hicho ndicho kinachokuokoa chumba kikiwa na joto kupita nyuzi 25, au huna jokofu.

Yaliyomwagwa juzi pengine yalikuwa kwenye chupa moja kubwa isiyo na maandishi. Gawa vipimo vya mililita 60 hadi 120, kila kimoja na tarehe na saa uliyokamua, juu yake. Mtoto akishaanza kunywa chupa, iliyobaki itumike ndani ya saa 2 au imwagwe. Ndiyo maana vipimo vidogo havina hasara. Yaliyotoka friza yakishayeyuka ndani ya jokofu yana saa 24, na hayarudishwi kugandishwa. Kupasha ni kwa kuitia chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu. Oveni ya maikrowevu huacha sehemu zinazochoma katikati ya maziwa yanayoonekana kupoa.

Wewe nawe ukiwa njiani kamua kila baada ya saa 3 hivi, hata kwa mkono. Usipokamua, matiti yanajaa na kuuma, na ukirudia hivyo mara kwa mara maziwa yanapungua. Panga mzigo wa kwanza uondoke mara tu baada ya kumnyonyesha, si kabla. Na chupa ya kwanza apewe na mtu mwingine siku ambayo wewe uko karibu, siku kadhaa kabla ya safari. Siku ya mzigo si siku ya majaribio.

SWALI: Mwanangu wa miaka 10 anapenda kunisaidia kufungasha bidhaa. Shemeji anasema namfanyisha kazi, mume wangu anasema anajifunza. Nani yuko sahihi?
Muuza mapambo

JIBU: Wote wawili wanaweza kuwa sahihi, inategemea wiki gani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 32, unamlinda mtoto na kazi ya hatari au inayoingilia elimu na afya yake. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1973, unaweka umri wa kuanza ajira kuwa miaka 15 kwa kawaida, na kazi nyepesi kuanzia 13, ingawa nchi ambazo uchumi wake haujakua zinaruhusiwa kushuka hadi 14 na 12. Kijana wako hajafika hata huko. Kusaidia mama nyumbani si ajira, lakini mpaka kati ya hivyo viwili huvukwa kimyakimya.

Sisi tuna kipimo kimoja. Akikosekana leo, oda bado inatoka kwa siku yake? Kama inatoka, ni msaidizi. Kama haitoki, umeshamwajiri, na umeweka tarehe ya mteja juu ya mabega ya mtoto. Nusu saa baada ya kazi za shule, siku mbili tatu kwa wiki, ni kiasi kizuri. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi, hivyo muda wa msimu wa oda nyingi usikatwe kutoka huko. Apewe kuhesabu shanga, kubandika lebo, kukunja maboksi. Asipewe gundi ya moto, asibaki peke yake mlangoni na mteja, asitumwe na fedha.

Umlipe? Kiasi kidogo kwa kazi iliyokamilika, sawa, lakini kazi za nyumba kama kutandika kitanda ziwe nje ya malipo. Ukichanganya, utaulizwa bei ya kuosha sahani yake mwenyewe.

SWALI: Biashara inauza lakini kila mwisho wa mwezi sina mtaji. Fedha inaishia kwa watoto: viatu, dawa, daftari.
Nakula mtaji

JIBU: Ndugu, shida si watoto, ni kwamba hujilipi. Asiyejilipa mshahara hujilipa kila siku bila kujua. Mteja akilipa, jambo la kwanza ni kutoa gharama ya malighafi ya kitu kile kile alichonunua na kuiweka kando, kwenye akaunti au bahasha nyingine. Kama katika kila 100 inayoingia 45 ilikuwa ya malighafi, hiyo 45 si yako wala ya viatu. Katika 55 iliyobaki jipangie kiasi kisichobadilika, mara moja kwa wiki, siku ileile. Viatu vinatoka hapo. Dawa ya ghafla ikilazimu uingie kwenye mtaji, iandike kama deni na tarehe ya kulirudisha.

Kisha kagua bei zako, maana karibu kila mzazi anasahau mtu anayekaa na mtoto. Ukimlipa mtu saa 10 ili utoe bidhaa 5, kila bidhaa imebeba saa 2 za malezi, nazo ni gharama kama uzi au gundi. Na kama ni bibi yake anayekaa naye bure, hesabu vilevile. Siku bibi atakapougua, bei yako isije ikaugua naye.

SWALI: Wateja wanabisha hodi hata saa mbili usiku, ndio kwanza nawalaza watoto. Nifanyeje?
Mlango wazi

JIBU: Bandika saa za kazi mlangoni, na maneno hayo hayo yawe kwenye wasifu wa simu yako ya biashara. Anayekuja nje ya saa hizo ajibiwe kwa ujumbe, si kwa mlango, kwa sababu ukimfungulia mmoja usiku atawaambia wenzake kwamba huwa unafungua. Mizigo iliyokwisha kulipiwa iache kwa jirani mnayeaminiana au kwenye sanduku lenye kufuli la namba, mteja atumiwe namba, nawe uibadilishe kila baada ya mzigo. Wengi wanaogonga usiku hawana swali, wanafuata mzigo tu.